Stirio ya Chumba Kidogo na Spika ya Kulia

Mjukuu wangu mmoja amepanga chumba Mbeya. Juzi alinipigia simu kuniuliza anunue redio gani, nikamuuliza chumba chenyewe kina ukubwa gani. Akanijibu, "Bibi, we nitajie tu muziki mkali." Nikamkatia simu. Hasira zangu ni za siku nyingi, msizishangae. Baadaye nilijuta, nikaona bora niandike, ili yeye na nyinyi wenzake mnaoanza maisha kwenye vyumba vya kupanga msome mkiwa mmetulia, maana kwenye simu hamsikilizi.

Kazi yangu ilikuwa redio. Niliziuza na kuzitengeneza hapo Tukuyu mjini mpaka macho yalipokataa kuona nyaya nyembamba. Nilianza na betri na kanda, kwenye meza nje ya duka la mtu. Enzi hizo redio mpya ilikuwa kitu cha kusikia kwa jirani, na aliyekuwa nayo aliifumia kitambaa akaifunika kama mtoto mchanga. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Mali zikaingia kutoka Dar, kutoka Tunduma, kutoka mpakani Kasumulu, na ghafla mtu wa Rungwe akawa na jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo, yaani kuchagua. Kuchagua ni kazi, na hakuna aliyetufundisha. Sisi wauzaji hatukujua zaidi ya wanunuzi, ila tulisimama upande wa ndani wa kaunta.

Nitawapa mfano wa ujinga wangu. Karani mmoja wa kiwanda cha chai, kijana asiye na mke, alikuja kutafuta stirio ya chumba chake. Nikamuuzia mashine kubwa kuliko zote dukani, yenye taa zinazopanda na kushuka na maandishi ya wati nyingi ubavuni. Sikumuuliza chumba. Baada ya wiki alirudi kunieleza kwamba kitanda na spika havitoshi pamoja, kwa hiyo analala miguu ikiwa juu ya spika moja. Akipiga muziki, vikombe vinatembea mezani, na haelewi neno hata moja la mwimbaji. Nilimwambia atazoea. Ndiyo, nilimwambia hivyo, na leo naona haya kuliandika.

Maandishi ya wati yasikusumbue. Yanaandikwa na anayetaka kuuza, na debe tupu haliachi kuvuma. Kwenye chumba cha hatua nne kwa nne, wati chache za kweli zinakutosha na kubaki. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji apunguze sauti badala ya kuongeza, ipungue mpaka karibu na kuzimwa. Stirio nzuri bado utaelewa inasema nini. Mbovu itanong'ona kwenye pua. Muuzaji akikataa kupunguza, ondoka, na akikuita usigeuke.

Hilo nilifundishwa na Fundi Asajile, aliyenitoa kwenye meza ya betri akanipa kiti kwenye benchi lake la ufundi. Hakuwa msemaji mpaka umkosee, na mimi nilimkosea kila siku, kwa hiyo tuliongea sana. Alikuwa na kanda moja ambayo hakuiuza wala kuiazima. Alikuwa amemrekodi mama yake mzazi akiita kuku, na katikati mama anagundua kuna redio, anaanza kumgombeza. Kila redio iliyoingia, mpya au ya kupona, Asajile aliijaribu kwa kanda ile.

"Mama yangu namjua," alikuwa akisema. "Redio ikinidanganya kuhusu mama yangu, itamdanganya mteja kuhusu kila kitu."

Basi nendeni dukani na sauti mnayoijua. Siku hizi mnayo kwenye simu, sauti ya shangazi, ya mchungaji, ya rafiki. Msikubali kusikilizishwa wimbo wa muuzaji, maana yeye amechagua unaoficha ubovu. Na kinyanyueni chombo. Stirio inayotumia umeme wa ukutani ikiwa nyepesi kama mkate, jiulizeni kilichomo ndani. Muulizeni fundi wa mtaani, kabla ya kulipa, kama ule mpira mwembamba unaozungusha kanda unapatikana Tukuyu. Najua, nyinyi hamna kanda. Muulizeni kuhusu betri basi, au tundu la chaji. Kinachokufa kwanza ndicho cha kuulizia kwanza.

Na hali ya hewa yetu mnaijua. Ukungu wa Tukuyu unaingia mpaka kwenye sukari. Redio ukiiweka sakafuni, ndani yake inaota ukungu, na mende wanaingia kutafuta joto. Niliwahi kufungua moja iliyotoka Matwebe nikakuta ukoo mzima, babu hadi vitukuu. Weka juu, acha nafasi nyuma yake ipumue. Mvua ikianza kupiga bati, zima, usishindane nayo, kwa sababu hakuna stirio iliyotengenezwa duniani ya kuishinda mvua ya Rungwe kwenye bati.

Lakini yote hayo ni mambo ya chombo. Kuhusu msikilizaji, nilifundishwa na Mzee Ambakisye, tena kwa aibu.

Huyu mzee alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, akarudi kwake upande wa Masoko, kwenye nyumba yenye chumba kimoja cha kukaa kisichozidi mkeka mkubwa. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu tangu mimi sijaolewa. Hakujua nota. Alisikiliza wimbo, akautenganisha kichwani katika sauti nne, ya kwanza na ya pili za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume, akaimba kila sauti mbele ya wahusika mpaka wakaishika. Mwaka ule usharika ulikuwa unajiandaa kwa jubilei, na wazee wa kanisa walimpa kanda ya nyimbo mpya azifundishe. Pembeni alikuwepo kijana aliyerudi kutoka mjini na kinanda cha umeme, anajua nota, anasubiri. Mzee asipozitoa nyimbo zile, kwaya inakwenda kwa kijana. Kila mtu alilijua hilo, na Mzee alilijua zaidi.

Kanda yenyewe ilikuwa imerekodiwa vizuri, wanawake wakisikika upande wa kushoto na wanaume kulia. Ndiyo maana alitaka stirio. Alitaka spika mbili, ili azisikie sauti zikiwa zimeachana.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, maana wengine mmezaliwa mjini. Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe njiani, aliingia migombani mpaka apite. Wakati wetu tulikuwa tumelegeza. Unapisha, unainama, unasalimia kwa sauti ya chini huku ukitazama ardhi, basi. Mzee Ambakisye alikuwa mdogo wake baba wa mume wangu, na kwa hesabu za kwetu huyo naye ni baba mkwe kamili. Kwa hiyo alipokuja dukani alikuja na mkewe, Mama Tumpe. Yeye aliongea akitazama rafu ya kanda, mimi nilijibu nikitazama kaunta, na Mama Tumpe katikati akabeba maneno huku na huku.

"Anataka ndogo," Mama Tumpe akasema. "Chumba unakijua. Na pesa ni hii ya mafao, haina ndugu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya biashara nilimuuzia mtu kitu kilichomfaa. Stirio ndogo, mwili mmoja wa katikati na spika mbili zinazochomoka, zenye nyaya ndefu. Chukueni hilo pia: kwa chumba kidogo, spika zinazochomoka ni bora kuliko zilizogandana na mwili wake, kwa sababu chumba kidogo hakikupi nafasi ya kusogeza stirio nzima. Unasogeza spika tu. Na ilikuwa na kile kidude cha kuzungusha kinachogawa sauti, ukikipeleka kushoto inalia spika ya kushoto peke yake, ukikirudisha kulia inalia ya kulia. Nilijisifu moyoni. Nikasema leo Fundi Asajile angeniona.

Wiki haikuisha, wakarudi. Mzee amebeba mwili, mkewe amebeba spika kwenye beseni.

"Mwambie spika ya kulia imekufa," Mzee aliiambia rafu. "Sauti ya tatu na ya nne sizisikii."

Nikaijaribu, inalia. Nikadhani ni waya umelegea, nikauchoma upya kwa risasi ya kulehemu, nikawarudishia. Siku nne baadaye wakarudi tena, na ilikuwa siku ya gulio, duka limejaa watu. Imekufa tena ile ile, akasema. Sasa mimi nina hasira, nimeshawaambia. Niliona jina la duka langu linachezewa mbele ya wateja. Nikatenga spika huku na huku kwenye kaunta, nikamwambia Mama Tumpe amsimamishe Mzee katikati, nikapiga kanda.

"Ipi imekufa?"

Mzee akanyoosha mkono kulia.

Nikazibadilisha. Ya kulia nikaihamishia kushoto, ya kushoto nikaileta kulia, kila mtu akiona. Nikapiga tena.

"Na sasa?"

Akanyoosha mkono kulia kwa mara ya pili.

Wateja wakasogea karibu na kaunta. Halafu mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Sasa Mzee, hiyo si spika, hilo ni sikio!" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Nawaambia ukweli kwa sababu kuficha hakunisaidii tena. Kilinitoka kicheko kifupi cha mtu aliyeshinda ubishi, mbele ya baba mkwe wangu. Mzee alivaa kofia yake, akamshika mkewe mkono, akatoka. Stirio ikabaki kwenye kaunta.

Sikuuza kitu kingine siku ile.

Kesho yake nilifunga duka mapema, nikaifunga stirio kwenye nailoni, nikajitwisha, nikashika njia ya Masoko. Nilimkuta Mama Tumpe uani anamenya ndizi. Mzee alikuwa ndani ya kile chumba, anaonekana dirishani ubavu wa kulia, kanda ya jubilei iko mkononi na hana pa kuichezea. Mimi siwezi kuingia alipo baba mkwe, kwa hiyo nikabaki chini ya dirisha nimegeukia migomba.

"Ugonile, mama," nikamsalimia mkewe. "Nimekuja kuomba radhi, ila sijui pa kuanzia."

"Anzia kwa kukaa," akasema. "Na usinong'one, hakusikii. Upande huo hakusikii kabisa."

"Wewe ulijua?"

"Gwe mwana! Nimehamia upande wa kushoto wa kitanda tangu akiwa bado kazini. Nikilala kulia naongea na ukuta. Miaka yote ile alisimama na lile feni la kukaushia chai likimvumia sikio moja, ulitegemea nini?"

"Mbona hukusema pale dukani?"

"Nimsemee nini? Mwalimu wa kwaya asiyesikia? Alisema spika imekufa, nikabeba spika."

Hapo nilikumbuka kitu nikajishika kichwa. Miaka mingi nilikuwa nikikutana na Mzee kwenye njia ya kanisani, napisha upande wa bonde, naye anapita mkono wake wa kulia ukiwa kwangu. Namsalimia, hajibu hata kwa kuguna. Mimi na wake wenzangu wa ukoo tulimsifu, tukasema huyu baba anaijua heshima ya ukwe kuliko wazee wote wa Rungwe. Kumbe hakutusikia. Mila yetu ilimfichia ulemavu wake, nasi tukampongeza.

Nikamuuliza Mama Tumpe spika walikuwa wameziweka wapi. Akasema moja pembe hii, nyingine pembe ile nyuma ya kabati la vyombo, kama Mzee alivyoona kwenye picha ya boksi. Hilo ni kosa la watu wote wenye vyumba vidogo, hata wenye masikio mazima. Pembe ya ukuta inavimbisha besi, na besi ikivimba inameza maneno. Spika itoe pembeni, iache ukuta shubiri mbili, iinue mpaka usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Picha ya boksi ilipigwa kwenye sebule ya matajiri, achana nayo.

Lakini kwa Mzee hata hilo lisingetosha. Mama Tumpe akaingia ndani na stirio, nami nikaanza kuamuru kutoka nje, mgongo kwa dirisha, kama mtu anayegombana na migomba.

"Mama, mwambie zote mbili ziende kushoto kwake. Zote."

"Anasema stirio haikai hivyo."

"Mwambie stirio ni yake, itakaa anavyotaka yeye. Moja juu kwenye rafu usawa wa kichwa, hiyo ni ya wanawake. Nyingine chini kwenye kigoda karibu na goti, hiyo ni ya wanaume. Sauti isizidi ya mtu anayeongea."

Nikasikia vitu vinaburutwa, kikombe kikaanguka, Mama Tumpe akalalamika, kanda ikaanza. Ikatoka kwaya nzima.

"Sasa mwambie azungushe kile kidude mwisho kabisa upande wa wanaume."

Wanawake wakazimika. Zikabaki sauti ya tatu na ya nne, kavu, zenyewe tu, zikitoka pale chini kwenye kigoda kuelekea sikio zima. Nilihesabu ubeti mmoja, ukapita. Kwenye ubeti wa pili Mzee akaanza kuguna polepole, akaipata sauti ya nne. Kanda ikarudishwa nyuma. Safari hii akaimba ya tatu, na maneno yake. Ikarudishwa tena. Nilisimama kwenye majani yale yenye umande nikilia bila aibu, na Mama Tumpe akatoka mlangoni akiwa na ganda la ndizi mkononi, anacheka na kufuta pua kwa kanga.

Kanda ikazimwa. Mzee akaita mkewe kwa sauti kubwa.

"Mwambie mkamwana spika imepona. Ndaga fijo, asante sana."

Mama Tumpe akafungua mdomo anifikishie. Kabla hajasema, Mzee akaongea tena, na safari hii alisogea dirishani, akanena mwenyewe bila kumtuma mtu.

"Hapana. Usimwambie hivyo. Spika ilikuwa nzima tangu mwanzo. Sikio ndilo limekufa."

Sikujua kama naruhusiwa kumjibu. Nikajibu, kwa nguvu ili asikie, macho yangu yakiwa kwenye migomba. "Baba, unisamehe. Jana nilicheka."

"Ulicheka kidogo," akasema. "Yule wa nyuma ndiye aliyecheka sana. Macho yangu ni mazima, mkamwana."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na wengi wetu huishia hapo, kwenye kuumbuka. Mimi siku ile niliona kwamba mtu anaweza pia kuyataja mwenyewe na akabaki na heshima yake. Ndiyo maana huwa nakasirika mkiniuliza redio kali. Kwanza niambieni anayesikiliza ni nani, anakaa wapi, jirani yake ukutani ni nani, na sikio lake lipi linafanya kazi. Baada ya hapo chombo cha bei ndogo kitatosha, na fedha itakayobaki nunueni godoro.

Jumamosi ya mazoezi Mama Tumpe alipitia dukani kunichukua. Mzee alitaka kwaya isikie kanda, na mtu wa kuendesha stirio nilikuwa mimi. Nilikaa benchi la nyuma kabisa kanisani, kama inavyompasa mkamwana, stirio ikiwa kando yangu. Kwaya ilikuwa imekaa kama siku zote, wanawake kushoto kwa mwalimu, wanaume kulia kwake, na kijana wa kinanda amesimama karibu na mlango. Mzee alikuja mbele akavua kofia. Nilidhani ataomba sala.

"Sikio langu la kulia halisikii," akasema. "Ni miaka sasa. Nyinyi wa sauti ya tatu na ya nne, mkiimba hapo mlipo naona midomo tu inacheza. Nimekuwa nikiwabahatisha. Nyimbo za jubilei ninazo zote kichwani, lakini kama mnataka mwalimu mwenye masikio mawili, semeni leo, nimpe kijana kanda."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa kinanda alitazama viatu vyake. Halafu wanaume wa sauti ya nne wakainuka, mume wangu akiwa mmoja wao. Hawakujadiliana. Walilishika benchi lao refu, wawili huku na wawili kule, wakalibeba wakapita mbele ya mwalimu mpaka upande wa kushoto. Wa sauti ya tatu wakabeba la kwao wakafuata. Wanawake wakabanana kuwapa nafasi, wengine wakapakata watoto. Kijana naye akaja, akabeba kinanda chake, akakiweka kushoto pamoja nao.

Upande wa kulia wa kanisa ukabaki mtupu kabisa. Mzee Ambakisye akawageukia, akainua mkono, akawapa sauti ya kuanzia.